Kuchuja vitu kwenye lahakazi ya mchoro ili kupata eneo la sakafu za nje

Lahakazi ni jedwali la hesabu lililounganishwa na mchoro. Mchoro wa mandhari ukishafika kwa mkadiriaji majenzi, swali lake la kwanza ni lile lile: sakafu za nje ni mita ngapi za mraba, na kila nyenzo ina ngapi? Jibu limo ndani ya mchoro. Kila umbo lililofungwa lina eneo lake na programu inalijua. Kazi yako ni kuiambia ihesabu maumbo yapi na iyaache yapi, na hapo ndipo mambo huharibika kimyakimya. Jumla hutoka safi, ina desimali mbili, kumbe imehesabu shimo la mti kama sakafu, au imeacha kipande kizima cha maegesho kwa sababu kimewekwa klasi (lebo ya aina ya kitu) isiyo yake. Programu haitakupigia kengele. Imejibu ulichouliza.

Mwongozo huu unafuata programu ya uchoraji ya Vectorworks, kwa kuwa lahakazi zake zimo ndani ya faili ya mchoro na husoma vitu moja kwa moja. Karibu na mwisho nitagusa programu nyingine mbili, AutoCAD na Revit, maana kanuni ni zile zile. Fomula zimeandikwa kama unavyozichapa kwenye seli.

Tuchukue kiwanja kidogo chenye sakafu tatu. Kuna njia ya zege ya waenda kwa miguu, urefu mita 42 na upana mita 1.8, yaani mita za mraba 75.60. Kuna maegesho ya lami ya mita 18 kwa 15, yaani 270. Halafu kuna baraza la nje la matofali ya pevingi, mita 8 kwa 6, lenye shimo la mti la mita 1.2 kwa 1.2 katikati: 48 ukiondoa 1.44, inabaki 46.56. Jumla ni 392.16. Tuishike namba hiyo, maana ndiyo tutakayoipimia kila hatua.

Hatua ya 1: Amua kitu kitambulike kwa nini

Kabla ya kufungua lahakazi yoyote, jiulize: programu itajuaje kwamba umbo hili ni sakafu? Lahakazi inaweza kuchuja kwa aina ya kitu, kwa leya (tabaka la mchoro), kwa klasi, kwa rangi ya mjazo, kwa jina, kwa rekodi (kadi ya taarifa za ziada) iliyobandikwa na kwa mengine mengi. Zote zinafanya kazi siku ya kwanza. Baada ya mchoro kurekebishwa mara kadhaa, ni chache tu zinazobaki za kuaminika.

Usichuje kwa aina ya kitu. Maegesho yetu yamechorwa kama mstatili, kwa hiyo sharti la "aina ni mstatili" litayapata leo. Kesho mtu anakata kona moja kupisha mtaro wa maji. Umbo linaacha kuwa mstatili, linageuka poligoni au polilaini, na mita 270 zinatoweka kwenye jumla bila onyo lolote. Rangi nayo ni hivyo hivyo. Anayebadilisha kijivu cha lami ili mchoro uchapwe vizuri hana habari kwamba anagusa hesabu.

Leya husema kitu kiko wapi, klasi husema kitu ni nini. Kwa hesabu ya nyenzo, klasi ndiyo nguzo. Ziite kwa mpangilio unaoeleweka, kwa mfano Sakafu-Lami, Sakafu-Zege na Sakafu-Matofali. Kistari kinazipanga zote chini ya kichwa kimoja katika orodha ya klasi, na anayekuja baada yako ataona mara moja za familia ya sakafu ni zipi. Mambo mengine, kama awamu ya ujenzi au kama sakafu inapitisha maji, yaache kwa rekodi. Tutazifikia.

Kuna tabia moja ya kuachana nayo: kutumia klasi moja kwa sakafu na mistari ya maungio yake. Mistari iliyo wazi haitakuletea shida kubwa kwenye eneo, lakini ukiweka humo na miraba ya mapambo iliyochorwa juu ya sakafu, kila mraba una eneo lake na utaongezwa kwenye jumla. Maungio na mapambo yawe na klasi yao, tuseme Mapambo-Sakafu.

Hatua ya 2: Safisha maumbo yenyewe

Kichujio hakiwezi kurekebisha umbo bovu. Pitia mambo manne haya.

Kila sakafu iwe umbo moja lililofungwa. Mistari minne iliyogusana kwenye kona si umbo. Kwa macho ni mstatili, kwa lahakazi ni mistari minne isiyo na eneo. Iunganishe, au chora upya kwa zana ya poligoni.

Mashimo yakatwe kwelikweli. Hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote. Mtu anachora baraza, anaweka juu yake mraba wa kijani wa shimo la mti, na kwenye skrini kila kitu kinapendeza. Ila mraba ule umefunika tu. Chini yake baraza bado lina mita 48 kamili. Chagua yote mawili, mraba ukiwa juu, kisha tumia amri ya Clip Surface iliyo kwenye menyu ya Modify. Umbo la juu linakata la chini, lenyewe linabaki. Angalia dirisha la taarifa za kitu: baraza linapaswa kusoma 46.56. Likiendelea kusoma 48, hujakata.

Mipaka igusane, isipandane. Njia ikiingia nusu mita ndani ya maegesho, kipande cha 1.8 kwa 0.5 kinahesabiwa mara mbili, mara moja kama zege na mara moja kama lami. Ni mita 0.9 tu, lakini kwenye mradi wenye makutano arobaini ni mita 36 za nyenzo zisizo na pa kuwekwa. Washa ukamataji wa ncha (snap) unapochora, uikate njia pale inapokutana na maegesho.

La nne ni nakala pacha. Ukibandika umbo mahali pale pale lilipokuwa, macho hayaoni kitu, lakini lahakazi inaona vitu viwili. Jinsi ya kuwakamata mapacha hawa nimeieleza kwenye hatua ya uhakiki.

Hatua ya 3: Fungua lahakazi na uweke mstari wa hifadhidata

Tengeneza lahakazi mpya kutoka kwenye Resource Manager, uipe jina lenye maana, kama "Maeneo ya sakafu za nje". Safu wima nne na mistari kumi zinatosha kuanzia.

Lahakazi ya Vectorworks ina mistari ya namna mbili. Mstari wa kawaida ni seli tupu kama za programu yoyote ya majedwali: unaandika neno, namba au fomula. Mstari wa hifadhidata ni tofauti. Unaupa vigezo, nao unakwenda kwenye mchoro, unaokota kila kitu kinachotimiza vigezo hivyo na kukipa mstari wake mdogo. Mstari wa 3 ukiwa wa hifadhidata, chini yake utaona 3.1, 3.2, 3.3 na kuendelea, kila mmoja ni kitu kimoja cha mchoro. Mstari wa 3 wenyewe ni kichwa, na ndio unaobeba jumla.

Andika vichwa vya safu kwenye mstari wa kwanza: Klasi, Eneo, Idadi. Kisha bofya namba ya mstari wa 3 kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ugeuze mstari uwe wa hifadhidata. Kisanduku cha vigezo kitafunguka. Kila kigezo kina sehemu tatu: unachokiangalia, uhusiano, na thamani. Kwa kuanzia chagua leya, "ni", kisha leya yenye kazi za nje. Hapa nitaiita Nje. Usichuje zaidi ya hapo kwa sasa. Ni vizuri kuona kila kilichomo kwenye leya kabla ya kuanza kubana, kwa sababu hapo ndipo vitu vilivyowekwa klasi isiyo yake vinajionyesha.

Sasa jaza seli za kichwa cha mstari wa 3. Kwenye safu A andika =C, itakupa jina la klasi ya kila kitu. Safu B andika =AREA. Safu C andika =COUNT. Papo hapo mistari midogo itajaa.

Ukiona eneo linasoma mamilioni, angalia vipimo vya faili kwenye mipangilio ya hati. Eneo lina kipimo chake, kando ya kile cha urefu, kwa hiyo unaweza kuchora kwa milimita na bado ukasoma eneo kwa mita za mraba. Mita moja ya mraba ni milimita za mraba 1,000,000, ndiyo maana kosa la kipimo halijifichi. Skeli ya leya haikuhusu: eneo linalotoka ni la ukubwa halisi, mchoro uwe 1:50 au 1:200.

Orodha ya vitu mia mbili haina faida kwa mkadiriaji. Kwenye safu A washa chaguo la kujumuisha thamani zinazofanana, ili vitu vyote vya Sakafu-Lami viwe mstari mmoja. Ukifanya hivyo utaona vistari vifupi kwenye safu ya eneo badala ya namba. Lahakazi haijaharibika. Inakuambia kwamba ndani ya mstari ule kuna thamani nyingi tofauti na hujaieleza izifanyeje. Nenda safu B, washa chaguo la kujumlisha, vistari vinageuka namba. Fanya hivyo na kwa safu C.

Hatua ya 4: Bana vigezo, na usichanganye "na" na "au"

Mteja akisema "nipe eneo la lami na zege", wote tunaelewa: vyote viwili kwa pamoja. Ukiipelekea lahakazi sentensi hiyo hiyo kwa alama ya "na", itakujibu sifuri, na iko sahihi. Umeiuliza kuna kitu gani ambacho klasi yake ni lami na wakati huo huo ni zege. Hakuna. Kila kitu kina klasi moja tu. Unachotaka ni kitu ambacho ni lami au zege.

Bofya kichwa cha mstari wa hifadhidata uone kilichoandikwa kwenye upau wa fomula. Utakuta fomula inayoanza na =DATABASE, na unaweza kuihariri hapo hapo. Alama & ni "na", alama | ni "au", na <> ni "si". Kwa kiwanja chetu (L ni leya, C ni klasi):

=DATABASE((L='Nje')&((C='Sakafu-Lami')|(C='Sakafu-Zege')|(C='Sakafu-Matofali')))

Yaangalie mabano vizuri. Masharti matatu ya klasi yamefungwa pamoja kwanza, ndipo yakaunganishwa na sharti la leya. Ukiyaondoa mabano ya ndani, sharti la leya linaweza kushikamana na lami peke yake, na zege na matofali yakaokotwa kutoka leya zote, ikiwemo ile ya mapendekezo ya zamani uliyoificha. Mimi hufunga mabano hata pale ambapo programu ingeelewa bila hayo. Msomaji anayekuja baadaye naye anahitaji kuelewa.

Na kuhusu kuficha: kitu kilichofichwa bado kiko kwenye mchoro. Kuzima klasi au leya hakukiondoi kwenye lahakazi. Ukitaka vinavyoonekana tu, lazima uongeze kigezo cha mwonekano. Kwa maoni yangu kigezo hicho ni cha hatari kwenye hesabu ya nyenzo, kwa sababu jumla itabadilika kila mtu anapozima leya ili afanye kazi kwa utulivu. Afadhali mapendekezo ya zamani yawe kwenye leya yenye jina lake, na kigezo cha leya kiyatupe nje.

Ukitaka namba moja tu bila orodha, mstari wa hifadhidata si lazima. Kwenye seli ya kawaida andika vigezo ndani ya fomula yenyewe:

=AREA((L='Nje')&(C='Sakafu-Lami'))

Seli itasoma 270. Fomula hizi zinafaa kwa jedwali dogo la kuweka kwenye karatasi ya mchoro, nyenzo moja kwa kila mstari. Mstari wa hifadhidata unafaa zaidi wakati wa kukagua, maana unakuonyesha vitu vyenyewe. Mara nyingi mimi huweka vyote viwili kwenye lahakazi moja: juu jedwali la kuchapishwa, chini orodha ya kukagulia. Jumla zake zikitofautiana, kuna kitu cha kutafuta.

Hatua ya 5: Vitu vilivyo ndani ya vitu vingine

Kwa kawaida lahakazi haiingii ndani ya simboli, yaani umbo lililohifadhiwa mara moja na kuwekwa mara nyingi. Ukiwa umechora kibaraza cha kupumzikia kama simboli na kukiweka sehemu sita, sakafu yake haimo kwenye jumla. Kisanduku cha vigezo kina mahali pa kuchagua kama vitu vilivyo ndani ya simboli na ndani ya vitu vya plagini (vinavyotengenezwa na zana maalumu) vihesabiwe. Ukichagua simboli, sita zile zinaingia, kila moja na eneo lake.

Usikimbilie kuwasha kila chaguo. Zana ya Hardscape hutengeneza sakafu kama kitu cha plagini: kwa nje ni kitu kimoja chenye eneo, kwa ndani kina maumbo yanayounda mjazo, ukingo na maungio. Ukiruhusu lahakazi iingie ndani, na maumbo hayo yakawa na klasi ile ile, sakafu moja inaweza kuhesabiwa kama kitu chenyewe na tena kama vipande vyake. Dalili yake ni jumla inayokaribia mara mbili ya unayotarajia. Kwa hiyo chagua njia moja: hesabu kitu cha nje, au hesabu vipande vyake. Kwenye mradi unaochanganya poligoni za kawaida na vitu vya Hardscape, mimi huacha mlango wa plagini umefungwa.

Hatua ya 6: Rekodi, kwa maswali yasiyo ya nyenzo

Mapema au baadaye swali litabadilika. Mhandisi wa maji ya mvua atauliza ni eneo gani halipitishi maji. Mkandarasi atauliza awamu ya kwanza ina mita ngapi. Klasi haziwezi kubeba yote haya bila kuzaliana, ukajikuta na Sakafu-Matofali-Awamu1-Haipitishi na ndugu zake kumi na wawili. Hapa ndipo rekodi inapokuja.

Tengeneza muundo wa rekodi uitwao Sakafu, wenye sehemu mbili: Awamu na Upenyevu. Ubandike kwa kila sakafu kupitia ukurasa wa data kwenye dirisha la taarifa za kitu. Unaweza kuchagua sakafu zote pamoja ukabandika mara moja, kisha ukajaza thamani kwa makundi. Kwenye lahakazi, safu mpya yenye ='Sakafu'.'Awamu' itaonyesha thamani ya kila kitu, na kigezo kinaandikwa hivi:

=AREA(('Sakafu'.'Upenyevu'='Hapana')&(L='Nje'))

Adui wa rekodi ni tahajia. "Hapana", "hapana " yenye nafasi mwishoni, na "La" ni majibu matatu tofauti mbele ya kichujio. Kama toleo lako linaruhusu sehemu ya orodha ya kuchagua, itumie, watu wasichape kwa mkono. Kama haliruhusu, weka safu ya Upenyevu kwenye orodha yako, washa kujumuisha thamani zinazofanana, na utaona kila lahaja ya tahajia imesimama kwenye mstari wake.

Uzuri wa kutenganisha hivi unaonekana kwenye hesabu ya maji ya mvua. Mtiririko hukokotolewa kwa kuzidisha mgawo wa mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka juu ya uso), ukali wa mvua na eneo. Majedwali ya kawaida ya uhandisi huweka mgawo wa lami kati ya 0.70 na 0.95, zege kati ya 0.80 na 0.95, matofali kati ya 0.70 na 0.85. Tukichukua 0.90 kwa lami na zege, 0.80 kwa matofali, kiwanja chetu kinatoa 243.00, 68.04 na 37.25, jumla 348.29 za eneo lenye uzito. Ni safu moja zaidi kwenye lahakazi ile ile, na mhandisi hahitaji kupima tena mchoro wako kwa mkono.

Hatua ya 7: Hakiki kabla hujaiamini

Tengeneza mstari wa pili wa hifadhidata, wa mabaki, unaookota kila kitu kwenye leya ambacho si sakafu:

=DATABASE((L='Nje')&(C<>'Sakafu-Lami')&(C<>'Sakafu-Zege')&(C<>'Sakafu-Matofali'))

Angalia: hapa ni & kote. Ukiweka | kati ya masharti haya ya "si", utapata leya nzima, kwa sababu hata lami "si zege", kwa hiyo inatimiza sharti. Weka =C, =AREA na =COUNT kwenye mstari huu na usome kila mstari mdogo. Ukikuta umbo la mita 75.60 limekaa kwenye klasi None (ya vitu visivyopangiwa klasi), umeipata njia yako ya zege. Mstari wa mabaki umeniokolea kazi nyingi kuliko kifaa kingine chochote ndani ya lahakazi. Huyageuza makosa kuwa orodha, na orodha inasomeka.

Mapacha wanakamatwa kwa kupanga. Zima kujumuisha, panga mistari midogo kwa eneo, na utafute thamani mbili zinazofuatana zilizo sawa hadi desimali ya mwisho. Maegesho mawili yenye 270.00 yanaweza kuwa halali, kwa hiyo bofya namba ya mstari mdogo kwa kitufe cha kulia na uamuru lahakazi ikichague kitu hicho kwenye mchoro. Kisogeze pembeni. Kama chini yake kuna kingine kile kile, futa kimoja. Kama kilikuwa peke yake, rudisha hatua nyuma.

Mwisho linganisha na uwanja wote. Eneo la kiwanja, ukiondoa jengo, ukiondoa bustani na nyasi, linapaswa kukaribia jumla ya sakafu. Tofauti ya mita za mraba 0.01 inatokana na kukadiria desimali: lahakazi hujumlisha thamani kamili, wewe unajumlisha zilizofupishwa. Tofauti ya mita nzima haina udhuru.

Kutoka eneo kwenda kiasi cha kununua

Mara eneo likishasimama, mengine ni kuzidisha. Tofali la milimita 200 kwa 100 lina mita za mraba 0.02, kwa hiyo mita moja inachukua matofali 50. Baraza la 46.56 linataka 2,328. Ukiongeza asilimia 5 ya upotevu unapata 2,445. Ukipanga kwa mshazari wa nyuzi 45, vipande vya kukata pembeni huongezeka, na asilimia 10 ni salama zaidi, yaani 2,561. Mchanga wa kulazia wa milimita 30 ni 46.56 mara 0.03, karibu mita za ujazo 1.40 baada ya kusawazishwa. Kwenye fomula rejelea seli yenye eneo la matofali peke yake, si B3 yenye jumla ya sakafu zote; kwa mfano =B8*50*1.05 kama eneo hilo liko B8, ili mchoro ukibadilika na kiasi kibadilike.

Mawe ya ukingo usiyahesabu kwa =PERIM, fomula ya mzingo. Njia inapokutana na maegesho, mpaka mmoja umo kwenye mzingo wa maumbo yote mawili, na jiwe utalinunua mara mbili pale ambapo huenda halihitajiki kabisa. Chora ukingo kama mstari wake wenyewe, uupe klasi ya Ukingo, na utumie =LENGTH.

Eneo la =AREA ni la kutazama kutoka juu. Kwa mteremko mdogo tofauti haistahili kupigiwa kelele: asilimia 10 inaongeza takribani asilimia 0.5. Kwa asilimia 20 ongezeko ni karibu asilimia 2, na njia yetu ya 75.60 inakuwa 77.10. Kwa ngazi ni jambo jingine kabisa. Kutoka juu unaona makanyagio tu. Nyuso za wima hazimo, na kama zinavikwa jiwe lazima uzihesabu kwa urefu mara kimo.

Ukiwa kwenye AutoCAD au Revit

Kwenye AutoCAD, leya inafanya kazi ambayo hapa tuliipa klasi. Amri ya QSELECT inachagua vitu kwa leya na kwa sifa nyingine. Ukichagua mijazo ya hatch mingi kwa pamoja, dirisha la Properties linaonyesha eneo lake la jumla; ukichagua polilaini nyingi, sehemu ya eneo inasema tu kwamba zinatofautiana. Kwa jedwali linaloweza kusasishwa tumia DATAEXTRACTION. Na kuwa mwangalifu na polilaini iliyo wazi: programu huipa eneo kana kwamba ncha zake zimeunganishwa kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo umbo ambalo hujalimaliza linaweza kuingia kwenye jumla likiwa na namba isiyo yake.

Kwenye Revit, sakafu za nje hutengenezwa kwa zana ya sakafu na kuorodheshwa kwenye ratiba. Ukurasa wa Filter wa ratiba huunganisha masharti kwa "na". Ukitaka lami au zege, ongeza kigezo chako cha pamoja (shared parameter, sehemu ya taarifa unayoibuni mwenyewe) kwenye aina za sakafu, tuseme Nje chenye ndiyo au hapana, kisha chuja kwa hicho kimoja.

Kabla ya kutuma

Lahakazi inaweza kuwa inaonyesha namba za jana. Ipe amri ya kukokotoa upya, hata kama umeshaiweka kwenye karatasi ya mchoro, kisha usome tena 392.16 au jumla yoyote uliyonayo. Chini ya jedwali andika mistari miwili: leya na klasi zilizohesabiwa, na kwamba eneo ni la kutazama kutoka juu, mashimo ya miti yameondolewa, upotevu haujaongezwa. Mkadiriaji ataongeza asilimia yake mwenyewe, na asipoambiwa kama umeshaongeza yako, ataiongeza mara ya pili.